Chumvi Gramu Mia na Hamsini

Jumatatu, 3 Machi
Nimechanganya chakula kipya. Mahindi yaliyoparazwa kilo 24, pumba 9, mashudu ya alizeti 8, dagaa 5, maganda ya konokono 3 na nusu, vitamini robo, chumvi gramu 150. Kwa mizani, si kwa kopo. Mahindi niliyachambua kabla ya kuparaza – punje yenye ukungu, nje! Kuku 32, mayai 27. Hakuna aliyenifundisha haya. Marehemu mume wangu aliniachia banda lisilo na paa, na mama yake.

Muuzaji wangu wa dagaa alifunga duka, nimechukua kwa mwingine. Wakubwa, wakavu. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake ananisaidia kutoa mchanga. Akaonja mmoja, akasema hawa wana chumvi. Nikamjibu kwamba kwake hata chai yangu ina chumvi. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Alhamisi, 6 Machi
Kinyesi maji matupu. Maranda ya mbao chini yameloa chapachapa, banda linanuka hadi jikoni. Wanakunywa kama wamelipwa – lita 8 kwa siku zimekuwa 17! Hesabu rahisi: maji yakipungua, kinyesi kitakauka. Nimeondoa vyombo viwili, nimebakiza kimoja. Lita 6, basi. Mayai 21.

Ijumaa, 7 Machi
Maranda yanakauka. Nilijua. Mmoja amekufa, lakini alikuwa dhaifu tangu awali. Mayai 15.

Jumamosi, 8 Machi
Watano wamekufa. Miguu imelegea, shingo zinapinda, midomo wazi. Nilikimbilia duka la dawa za mifugo. Yule bwana akauliza chanjo – wamechanjwa, wiki tatu sasa. Akauliza chakula – nikamtajia kilo kwa kilo, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Basi labda wamedokoa kitu kibaya, akasema. Makombo ya jikoni, kwa mfano.

Makombo! Nani katika nyumba hii hutupia kuku maganda na mabaki hata ukimkataza mara mia?

Nikarudi mbio. Nikamkuta mama mkwe kainama kwenye wavu wa banda, kibakuli kakificha ndani ya mtandio. Nikamnyang'anya, kikamwagika chote miguuni pake.

"Unawalisha nini kuku wangu?"

"Maji tu, mwanangu. Wana kiu."

Nikamwambia maji nimeyapima mimi. Nikamwambia mengine pia, jirani akiwa ng'ambo ya ukuta anaanika nguo zake polepole. Kwamba kila anachokilea kinamfia mikononi. Kwamba aanze kuhesabu na mwanawe.

Alikamua maji kwenye mtandio, akaingia ndani.

Jumapili, 9 Machi
Wanne. Nimetia kufuli banda. Mama mkwe hakutoka chumbani. Sahani yake imerudi kama ilivyokwenda.

Jumatatu, 10 Machi
Wawili. Wamebaki 20. Mayai 3.

Wifi amepiga simu, anakuja kesho kumchukua mama yake. Nikangoja matusi, nilikuwa nimeshaandaa yangu. Hakuna. Anasema mama hakumwambia lolote, ila amechoka. Sawa. Mzigo mmoja pungufu.

Jambo moja linanikera. Kishungi, kuku wa mama mkwe, yule mkaidi asiyelala bandani na wenzake – mzima kabisa. Leo kataga. Anakula chakula kilekile, nilimwekea mwenyewe. Anashinda kwenye bomba linalovuja.

Chakula kilekile. Tofauti ni bomba.

Jumanne, 11 Machi
Nilipoamka nilitia dagaa mmoja mdomoni. Nikatema.

Nikapima robo kilo, nikaloweka, nikayachuja maji na kuyachemsha hadi yakakauka. Chini ya sufuria, chumvi nyeupe. Nikaikwangua juu ya mizani: gramu 45. Kwa kilo tano, 900. Juu yake nilikuwa nimeongeza zangu 150, kwa makini, bila kuzidisha hata chembe. Kisha nikawanyima maji.

Nimerudia hesabu mara tatu. Inatoka vilevile.

Nimefungua kufuli, nimerudisha vyombo vyote. Mmoja alikuwa amekufa, mdomo ndani ya chombo kikavu. Wengine walikunywa wakipandiana migongoni. Chakula chote nimekimwaga shimoni.

Mama mkwe yuko barazani tangu saa mbili. Begi moja, kigoda chake, na Kishungi miguuni. Nilipita na ndoo mara mbili. Mara ya pili aliniuliza, bila kunitazama:

"Wamebaki wangapi?"

"Kumi na tisa, mama."

"Wape kidogo kidogo. Mwenye kiu sana hapewi maji mengi kwa mara moja."

Nilikuwa nimeshawajazia.

Nikaingia jikoni, nikakaa. Nimeandika hesabu yote hapa ili nitoke nimsomee – 900, na 150, na lita 6, na kibakuli. Kibakuli nimekiosha. Maneno ya Jumamosi hayana kipimo, sijui niyaweke wapi.

Wifi anapiga hodi getini. Mama anamwitikia, anamwambia asiingie, anatoka mwenyewe.

Kigoda kinaburutwa. Bado nimeshika kalamu