Chumvi Katika Chai ya Neema

Mama Neema,

Kosa wanalofanya wengi wakiletewa chakula kipya mezani ni kumsifu mpishi bila kumtazama. Kosa hilo nililifanya kwako, mbele ya wageni, nikiwa na paja la bata mzinga mkononi.

Unaikumbuka Sikukuu ya Shukrani yetu ya kwanza hapa ugenini Roseville? Ulimwoka yule ndege kama majirani walivyokuelekeza, akatoka mkavu, ukasema, "Huyu amekufa mara mbili." Mwaka uliofuata ukamlaza siku mbili kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, ukamchoma huku ukimmiminia tui la nazi. Pai yao ya maboga ukaivua ule unga wa nje, likabaki boga lenye tui na iliki. Tangu hapo hakuna mtu wetu aliyetamani sikukuu ya mahali pengine.

Ile ya mwisho ulizidisha pilipili kwenye boga. Kaka yako Elia, aliyekuja na familia yake kutoka Lakeville, alitokwa machozi. "Dada, hili ni boga au ni kaa la moto?" Tukacheka. Mimi nikakusifu kwa ubunifu. Kumbe ulimi wako ulikuwa hausikii kitu.

Dalili nilikuwa nayo. Miaka yote ulidondosha tone la mchuzi kiganjani, ukaramba, ukaamua mwenyewe. Hukuwahi kumwuliza mtu. Siku ile uliniita jikoni: "Baba Neema, hebu onja, chumvi imekolea?" Nilijiona nimepandishwa cheo. Figo zikichoka, kama zilivyochoka zako, uchafu unaopaswa kutoka na mkojo hubaki kwenye damu, na mtu huweza kupotewa na ladha. Mimi niliyefundisha biolojia miaka thelathini nilionja kijiko chako nikarudi sebuleni nikitabasamu. Mwezi wa tatu tukakuzika.

Sasa nikueleze kinachoninyima raha.

Alhamisi iliyopita Neema alipika yeye. Bata mzinga alimlaza kwenye ukwaju na pilipili kichaa. Viazi vitamu akavikamulia ndimu. Zile beri nyekundu, vitunda wanavyokula huku na bata mzinga, ambazo zenyewe ni chachu, akazichemsha na achari ya embe. Elia akakunja uso. "Neema, huyu bata amekunywa ukwaju wote wa Dodoma!"

"Usile basi, Mjomba. Lete sahani nimwongezee Baba."

"Nani kasema sili? Nalalamika huku nakula."

Watu wakasifu. Mimi safari hii nilimtazama mpishi, maana saa mbili kabla ya hapo nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni. Nilimwona akimwita Rehema, mjukuu wako, na kumpa kijiko. "Onja, mama. Chumvi iko sawa?" Mtoto akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba iko sawa ila inawasha. Kisha Neema akamwita tena kwa viazi. Akamwita tena kwa mchuzi. Kiganja chake hakikuguswa na tone hata moja.

Mwalimu mzuri hujipinga kabla hajaamua. Nikajiambia huenda ana mafua. Pua ikiziba, ladha nayo hupungua. Huenda amechoka, maana hospitali ya Maplewood anakofanya kazi imempa zamu nne mfululizo. Huenda anapenda uchachu tu. Lakini daktari wako alituambia sote wawili, mlango ukiwa umefungwa, kwamba ugonjwa ule hurithiwa na kwamba Neema apimwe. Nilipomkumbusha wakati wa kiangazi alisema, "Nitapima, Baba, nikipata nafasi." Nilipomkumbusha Oktoba alisema, "Nilishapima," huku akitafuta funguo za gari zilizokuwa mkononi mwake. Binti yetu anatoa watu damu kutwa nzima. Sina hakika kama yake imewahi kutoka.

Basi Jumamosi nikafanya jaribio. Utanisema, najua. Nilipika chai ya maziwa, na kwenye kikombe chake, badala ya sukari, nikatia nusu kijiko cha chumvi. Nikaketi mbele yake na gazeti. Akanywa. Akanywa tena, akizungumzia matairi ya theluji. Akamaliza kikombe chote, akasema, "Asante, Baba."

Nikalikunja gazeti, nikajiambia ulimi wake nao hausikii.

Lakini jaribio langu lilikuwa bovu, na hilo nililigundua nikiwa naosha kile kikombe. Nani alimlea huyu mtoto? Si wewe? Uliyemfundisha kwamba alichokupa mkubwa hukitemi, hukirudishi, huulizi kimewekwa nini? Alipokuwa na miaka saba alikula ule uji wangu ulioungua hadi mwisho na kusema asante kwa sauti ileile. Kwa hiyo ama hakuisikia chumvi, ama aliisikia akadhani baba yake amezeeka na kuchanganya mikebe, akaona haya kuniaibisha. Huenda naye sasa ananichunguza mimi. Tunaishi nyumba moja, tunapakuliana chakula, na kila mmoja anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho.

Nimuulize waziwazi? Nimejaribu. Hucheka, hunibusu kipara, huondoka kwenda kazini. Nawe ulikuwa hivyohivyo. Nilikuachia ucheke.

Jambo lingine. Barua hizi ninazokuandikia naziweka kwenye droo, chini ya kitabu cha nyimbo, mpya juu na za zamani chini. Jana nimekuta ya Septemba iko juu. Rehema hasomi Kiswahili. Wala sina hasira. Ningekuwa mama yake, nami ningezisoma.

Nakuaga, mke wangu. Pumzika ulipo, uache kuhangaika na jiko letu. Ninakuahidi kwamba safari hii sitaridhika na neno la mtu anayenicheka. Nitapanda gari naye, nitaketi kwenye kile chumba cha kusubiria chenye viti vya bluu nilichoapa kutokirudia, na sitatoka mpaka nimeyasoma majibu kwa macho yangu. Kama ni mafua, nitamwomba radhi kwa ile chai. Kama si mafua, tutakuwa tumewahi, jambo ambalo kwako hatukulipata.

Neema mwanangu, najua umefika hapa. Leo ni Jumatatu, na kliniki iko wazi mpaka saa kumi na moja. Vaa koti, uje unigongee mlango, twende ukapimwe.