Muzigo wa pa mulango

Kijiji cha Kingi, siku ya ine ya mwaka mupya

Kufagia asubui, kuosha vyombo mbele ya kulala, kila kitu kirudi pa nafasi yake: njo nilijiahidi. Siku tatu nimeshika.

Leo nilifungua hata muzigo wetu wa kukimbia, wenye unakaaka pa mulango tangu vita ya mwisho. Nguo nikazipanga mu kabati, maharagi ya mbegu nikaweka mu ndoo. Nilifurahi.

Bwana yangu akatoka shamba, akaangalia pa mulango.

"Muzigo iko wapi?"

"Nimeupanga."

Hakukasirika. Alikaa tu, bila kuvua bote za shamba mu miguu. "Tukisikia masasi ya bunduki, tutafunga muzigo saa gani, Mama Furaha?"

Nikatoa nguo mu kabati, na maharagi mu ndoo. Tuliufunga tena sisi wawili, nikaurudisha pa mulango. Pale njo nafasi yake.

Lakini nilifagia kwanza pale chini.