Jina Langu Juu ya Kaburi Lako

Kadogo,

Usinitazame hivyo kwenye hiyo picha. Najua nilikuapia. Nilishika rozari yako pale hospitali nikakuapia kwamba watoto wako hawatajua, na wewe ukanibana kidole mpaka kikauma. Lakini leo saa sita mwanao Bahati anakuja kuchukua karatasi, na karatasi bado nyeupe. Tangu asubuhi nimekaa hapa barazani na kalamu mkononi, sijaandika hata herufi moja ya kile nilichoambiwa niandike. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza.

Wiki ijayo unatimiza mwaka, na wanao wanakujengea kaburi. Saruji imeshamwagwa, vigae vimebandikwa, kimebaki kibao cha marumaru. Yule fundi wa Songea mjini anachonga kwa kufuata mwandiko anaoletewa, na Bahati kasema mwandiko uwe wangu, eti mama mkubwa ana mwandiko wa kizamani, mzuri. Akaniwekea karatasi mapajani. "Andika jina la mama tu, mengine fundi anayo." Nikajifanya nakohoa.

Jina la mama! Jina la mama yake ni langu, Kadogo. Tekla ni mimi. Wewe ulibatizwa Imelda, ulilia kanisa zima likasikia, na mimi nilikuwapo mgongoni kwa bibi. Hapa Mpitimbi jambo hilo halikuonekana kwa sababu wewe tangu utoto ni Kadogo, na mimi tangu nimzae wa kwanza ni Mama Gaudensi. Nani ataulizia majina ya ubatizo ya vibibi wawili?

Siku ya kukuzika niliyaona kwa macho yangu. Msalaba wa mbao, rangi nyeupe, TEKLA. Watu wanatupia udongo na mimi nasoma jina langu. Padri akasema, "Umpokee mtumishi wako Tekla," nikafanya ishara ya msalaba, maana ningefanya nini? Kandida, yule tuliyesoma naye, akanisogelea akaninong'oneza: "We! Tekla si wewe?" Nikamwambia macho yake yameisha, akakae kivulini. Hakurudia tena, lakini kila tukikutana mashineni kusaga ananitazama kama anayehesabu meno yangu.

Na misa za kukuombea je? Kila mwezi, mwaka mzima, wanasoma "marehemu Tekla". Nimeombewa pumziko la milele huku magoti yananiuma mwenyewe kwenye benchi. Siku moja nilicheka, nikaziba mdomo kwa kitenge, jirani yangu akadhani nalia. Nilipofika nyumbani nililia kweli. Nilijiuliza hizo sala zote zinamfikia nani.

Haya, ngoja nikurudishe nyuma, labda nikiyasema yote mkono utakubali.

Unakumbuka mwaka tuliohamia kijiji kipya? Baba alibeba mlango wa nyumba ya zamani kichwani, mama kuku kwenye tenga, sisi wawili tukagombania kubeba saa ya ukutani ambayo haikuwahi kutembea hata dakika moja. Tukakuta nyumba za nyasi zimepangwa mstari kama madawati. Alfajiri mchakamchaka, tunakimbia na kuimba, umande unatupiga miguuni, halafu shamba la shule, halafu ndiyo darasa. Kulipokuja ule unga wa njano wa msaada wewe ulisema ugali unaumwa homa ya manjano, ukaukatia kipande ukakifunika kitambaa kipate jasho. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Ndicho kicheko chake kikubwa cha mwisho ninachokikumbuka, maana baada ya hapo kifua kilianza.

Na lile sweta la kijani? Sweta moja, wasichana wawili, na Juni ya Songea unaujua ubaridi wake. Mimi nalivaa misa ya kwanza, nakimbia nyumbani, nakuvulia likiwa bado na joto langu, wewe unalivaa misa ya pili. Hatukuona ajabu. Kitu kikiwa kimoja tulipokezana. Labda ndiyo maana lile kubwa nalo lilitupitia kirahisi hivyo.

Tulianza shule siku moja ingawa nilikupita mwaka na nusu, kwa sababu ulikataa kubaki nyumbani peke yako. Matokeo ya darasa la saba mwalimu mkuu alikuja nayo kwa baiskeli, akayasoma mstarini. Msichana mmoja tu aliyechaguliwa kwenda sekondari, akasema jina langu. Wewe ndiye uliyepiga makofi kuliko wote. Baadaye nikakukuta mtoni unaosha uso, unaosha, unaosha, na uso haukuwa na uchafu wowote. Sikukuambia kwamba nilikuona.

Kisha mama akazidiwa. Kulihitajika mtu wa kumgeuza, kumpikia uji, kumfulia, na mtu huyo ni binti mkubwa, hakuna shule wala nini. Baba hakunipigia kelele. Angepiga kelele ningemchukia na kupumzika. Alikaa kwenye kigoda akasema taratibu, "Nafasi haiwezi kuoza. Barua imeandikwa Tekla, nani huko anamjua Tekla? Aende Kadogo." Nikasema sawa, baba. Aliyesema sawa ni mimi, hakuna aliyenishika ulimi.

Halafu tukaanza mazoezi. Nyuma ya nyumba, kwenye mabua ya mahindi. Wewe unanipa mgongo, mimi naita. Nikiita Tekla, ugeuke. Nikiita Imelda, usigeuke. Ulikosea! Nikiita Imelda unageuka na tabasamu lako lote. Nikakuchapa na bua. Ukageuka tena, nikakuchapa tena, kwa hasira ambazo hazikuwa za mazoezi. Nikakufundisha na saini yangu, ile T yenye mkia unaopita chini ya jina zima, ambayo nilijivunia kuliko kitu chochote. Siku ya tatu nikaita Imelda, ukasimama kimya kama hujasikia. Nikaita tena kwa nguvu. Hukutikisika. Nilipaswa kufurahi, mlongo wangu, ndugu yangu wa tumbo moja, lakini niliingia ndani nikakaa kwenye giza la jiko.

Ukaenda. Sweta ukaenda nalo. Mama tulimzika kabla hujamaliza muhula wa pili, nami nikaolewa, nikalima.

Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Kuna wakati nilikuita mwizi. Si mbele ya watu, shambani, peke yangu na jembe. Ilianza ile siku nilipokuja kukutembelea Namtumbo, umeshakuwa mwalimu. Tumeongozana njiani, kundi la watoto likasimama na kuinama, "Shikamoo, Mwalimu Tekla!" Mdomo wangu ulishafunguka kuitikia marahaba. Ukaitikia wewe. Uliitikia vizuri, kwa upole, kama mwenye mali. Nilikula chakula chako siku ile, wali na dagaa nyasa, nikaacha nusu ya sahani. Ukaniuliza naumwa? Nikasema ni safari.

Na serikali ilipotaka kila mtu awe na kitambulisho, ulikuja mbio kutoka Namtumbo, roho juu juu. Tekla wawili, baba mmoja, mama mmoja, watatugundua! Nikajiandikisha Imelda. Karani aliita "Imelda!" mara tatu, sikuinuka, mpaka mtu akanigusa bega akidhani sisikii. Kwa hiyo mimi pia, Kadogo, nilishindwa mazoezi. Tofauti ni kwamba mimi hapakuwa na wa kunichapa na bua.

Sasa fikiria. Kibao kikisoma Tekla, siku yangu ikifika na mimi watanizika kwa kitambulisho, Imelda. Dada yuko chini kwa jina la mdogo, mdogo kwa jina la dada, na waliojua wamekwisha. Yule msichana aliyeitwa mstarini atakuwa hajawahi kuishi. Na kikisoma Imelda, wanao watajua mama yao aliishi maisha yake yote kwa jina la mtu mwingine. Vyeti, barua za kazi, kila kitu. Utakuwa mwongo mbele yao na huna mdomo wa kujitetea. Ndicho kilichonifunga mkono tangu asubuhi.

Lakini kuna jambo moja linanichoma. Siku ile hospitali muuguzi alikuwa anakuita, "Bibi Tekla, fumbua macho. Bibi Tekla!" Akakupiga makofi mepesi mkononi. Hukujibu. Alipotoka nikainama sikioni kwako nikasema Imelda. Ukafumbua macho. Ukaniangalia, ukaelewa ulichofanya, ukaogopa, na hapo ndipo uliponiapisha. Ulitumia pumzi yako ya mwisho mwisho kuogopa. Miaka yote ile darasani, kanisani, mbele ya maofisa, ulikuwa unaogopa hivyo? Mbona hukuniambia? Mimi nilidhani unastarehe.

Nasikia bajaji inasimama. Saa sita haijafika! Huyu mwanao naye, hajui kuchelewa.

*

Nimerudi, Kadogo. Jua limeshageuka, chai imepoa, na sina hakika kama utanisamehe.

Tuliingia ndani, nikamwambia. Kwanza alicheka, akadhani ni utani wangu wa kila siku. Nikarudia. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Basi nikachukua ile karatasi ya fundi nikapiga saini, T na mkia wake. Bahati akainama kuitazama. Ameiona saini ile kwenye ripoti zake zote za shule. "Hii ni saini ya mama," akasema. Nikamwambia hapana mwanangu, ni yangu, mama yako nilimfundisha nyuma ya nyumba ya babu yenu.

Aliinuka akaenda uani. Alipiga simu kwa ndugu yake Method, na Method nilimsikia kutoka huku ndani bila spika. Karatasi za mama zisiguswe! Mama mkubwa amechanganyikiwa! Kibao kiandikwe kama msalaba! Akakata simu. Bahati akarudi, macho mekundu, akanisimamia mbele. "Kwa hiyo mama alitudanganya maisha yetu yote?" Kadogo, nilikuwa na majibu hamsini niliyoyapanga, nikayaacha yote. Nikamwambia ukweli tu: kwamba hukuniomba jina, ulipewa. Kwamba ulikuwa mtoto, na mimi mtoto, na mama anakohoa chumba cha pili. Kwamba wale watoto wote wa Namtumbo walifundishwa kusoma na mtu wa kweli, hakuna aliyefundishwa na jina. Nikamwambia na la shambani, kwamba nilikuita mwizi, ili ajue na mimi si malaika.

Aliikunja ile karatasi yenye saini, akaikunjua. Nilisikia kuku wanaparua. Nikajua sasa nimewapoteza wote, wewe na wanao, kwa ajili ya herufi tano.

Halafu akageukia mlangoni akamwita mwanawe, yule mjukuu wako wa kwanza aliyekuwa anacheza nje. Unakumbuka ulivyoshikilia lazima aitwe Tekla? Nilikasirika siku ile, nikaona unagawa cha wenzako kama sadaka. Leo ndiyo naona ulikuwa unatafuta namna ya kukirudisha. Mtoto akaingia na vumbi lake magotini. Bahati akamsukuma taratibu kwangu akasema, "Msalimie somo yako." Mtoto akatutazama, hajaelewa. Somo yake anamjua, ni bibi aliyefariki. Akaniuliza, "Na wewe ni Tekla?"

Nikasema ndiyo. Tangu siku ile ya mstarini sijawahi kulisema hilo neno kwa swali hilo. Lilitoka dogo sana, ikabidi nilirudie.

Bahati amechukua karatasi nyingine, nimeandika IMELDA kwa herufi nilizoweza kuzinyoosha, mkono ulitulia wenyewe. Ameondoka nayo mjini. Method atakuja wiki ijayo na moto wake, na huenda akakataa kusimama karibu na kaburi. Sijui itakuwaje. Agombe na mimi, mimi bado nina mdomo.

Rozari yako ninayo. Nimevunja nilichoapa juu yake, kwa hiyo naomba upokee kingine badala yake. Kwenye misa yako ya mwaka, Jumamosi ya wiki ijayo, nitamwomba padri asome jina lako, ulisikie ukiwa umelala bila kuogopa mtu. Ukiitwa, geuka. Hakuna atakayekuchapa. Na nakuahidi, mdogo wangu, kwa muda wote niliobakiza, sitamwacha mtu yeyote akuite mwizi, hata mimi mwenyewe.

Pumzika, Imelda.

Dada yako,
Tekla