Mteja wa Kwanza Soko la Hôm

Phủ Lý, 4 Oktoba 1996

Mama mdogo Nhàn,
Shikamoo. Kifua kimepungua? Sisi wazima. Posa ya Hưng imekubaliwa, arusi ni mwezi ujao! Nataka kushona vazi la mahameli nyekundu. Hapo Hanoi ninunue wapi, nisije nikauziwa makapi?
Mwanao,
Thoa

Hanoi, 8 Oktoba

Mwanangu Thoa,
Marahaba, na hongera. Kifua kimepoa, roho ndiyo haijapoa.

Mtaa wa Hàng Gai waachie wageni wenye pesa. Kwangu, hapa soko la Đồng Xuân, utapata vifungo tu. Mahameli ni soko la Hôm, ghorofani. Lakini kwanza pitia kwa Khuyên, meza ya karibu na ngazi. Fika anapofungua, kabla hajauza hata kipande. Mfunulishe majora yote, mshushe bei hadi nusu, kisha ondoka mikono mitupu. Unajua mwenyewe: mteja wa kwanza akitoka hivyo, siku nzima imeoza.

Meza ile ilikuwa yangu. Aliikalia wiki niliyokuwa namzika baba yako mdogo. Nifanyie siku tatu, halafu ununue kwa jirani yake. Hakujui, atakushuku nani?
Mama yako mdogo,
Nhàn

Phủ Lý, 17 Oktoba

Mama mdogo,
Shikamoo. Nimerudi salama. Siku ya kwanza Khuyên aliniita mwanangu. Ya pili alininunia. Ya tatu akachoma karatasi nyuma yangu kufukuza mkosi: "Toka, kisirani wee! Potelea mbali!" Nilicheka mpaka nje.

Lakini jirani yake aliponiona akafunika majora. "Kwangu hapana, dada. Hata ulete dhahabu." Mstari mzima hivyo hivyo. Sina kitambaa.
Mwanao,
Thoa

Hanoi, 22 Oktoba

Mwanangu,
Hujambo? Siku tatu hajauza hata mita! Nimenunua bata mzima nikala peke yangu. Kitambaa kisikutie presha.
Mama yako mdogo,
Nhàn

Phủ Lý, 6 Novemba

Mama mdogo,
Leo sikuamkii. Mama yake Hưng ana duka la viatu, na bidhaa huzifuata Hanoi. Wauzaji wa Hôm wamemsimulia habari za msichana mwenye lafudhi ya Phủ Lý na kovu kidevuni kama langu. Jana alimwambia mama: "Mimi naishi kwa biashara. Siwezi kumwoza mwanangu kwa nuksi." Posa imevunjwa. Hưng hakuja hata kuniaga. Nina uchungu, na ni wewe uliyenituma.
Thoa

Hanoi, 10 Novemba

Mwanangu,
Pole. Wanaume wamejaa tele. Lakini sikia: Khuyên ameshindwa, ameiachia meza! Jumatatu ya tarehe 18 naingia mimi, na mahameli tupu. Njoo uchague bure.
Mama yako mdogo,
Nhàn

Hanoi, 16 Novemba

Mama mdogo,
Nimepanga chumba nyuma ya soko la Hôm. Jumatatu nitakuwa mezani kwako unapofungua. Sitachagua kitu. Nitashika kila jora, nitauliza kila bei, nitaondoka. Na Jumanne. Na kila siku, maana arusi sina tena na nafasi ninayo. Nunua karatasi za kutosha.
Mwanao,
Thoa