Kiungulia Bila Kidonda

Jumatatu, 4 Machi 1996
Kiungulia tena. Nimefundisha darasa la saba mkono mmoja kifuani, mwingine na chaki. Uji wa asubuhi umerudi kooni, mchungu. Atieno hutia ndimu nyingi kwenye uji wa wimbi, jinsi mama yake alivyomfundisha, ili mgonjwa apate hamu ya kula. Nakunywa wote. Yeye Mjaluo, mimi Mkuria wa Migori, na tangu tuoane sijawahi kukataa chakula chake. Suruali sasa naifunga kwa kamba.

Alhamisi, 7 Machi
Walimu hawanywi tena kwa kikombe changu. Nimekonda, basi wameshajua ugonjwa. Nilipimwa damu, sina ukimwi. Hakuna anayeuliza majibu. Kwa kina Atieno wanasema ni chira, ule ugonjwa wa kumkondesha aliyevunja mwiko. Shangazi yake wa Rodi Kopany anataka arudi kwao kabla hajanizika. Jumanne napimwa kwa kamera Kisumu. Naomba Mungu wakute kidonda. Kidonda nitaweza kuwatajia.

Jumanne, 12 Machi
Mpira wenye taa umeshuka kooni hadi tumboni. Nimetokwa machozi. Majibu: safi. Hakuna kidonda, hata mkwaruzo. Nalichukia neno hilo.

Daktari anasema asidi inapanda kutoka tumboni na kuchoma umio bila kuacha alama. Wengi wako hivyo. Kamera haiwezi kuionyesha, dawa ndiyo kipimo: ikituliza moto, basi ugonjwa ni huo. Kidonge asubuhi kabla ya kula. Chakula cha jioni mapema. Ndimu niache. Kitanda kiinuliwe kwa matofali upande wa kichwa.

Jumatano, 13 Machi
Nimemweleza Atieno yote. Alichosikia ni safi tu. Nikasukuma bakuli la uji. Ameumwaga nje bila kuniangalia. Naona haya, na nina hasira.

Jumamosi, 16 Machi
Shangazi amekuja kuniona. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, akaona kitanda juu ya matofali, kimeinuka upande mmoja. Akakataa chai, akaenda kukaa nje. Alipoondoka, Atieno akaja kwangu.

"Daktari alikuangalia mpaka ndani akakosa kitu. Sasa ni mganga gani amekuambia uweke kitanda hivyo?"

Nimesema ni daktari. Nilivyojisikia nikisema, hata mimi nisingejiamini.

Jumapili, 24 Machi
Atieno ameenda Rodi Kopany. Amesema ni kumsalimia shangazi. Amebeba cherehani. Anayekwenda kusalimia habebi cherehani. Vidonge nameza, kifua bado kinawaka. Sina imani navyo. Nameza kwa sababu sina jingine la kufanya.

Jumamosi, 13 Aprili
Juzi nilikula ugali na samaki, nikainama kufunga viatu, hakuna kilichopanda. Jana vilevile. Leo vilevile. Daktari alisema kweli. Nilitaka sana kumwambia mtu.

Jirani yangu huuza dagaa wa omena Rodi Kopany. Nilimtuma amwambie Atieno kwamba nimepona, na ni dawa ya hospitali. Amerudi alasiri. Atieno amefurahi. Amesema mganga wangu anajua kazi.

Nimekula mapema. Nimeosha sahani, nikaifunika.