Kifuniko Kimoja cha Oili

Waithira, uko? Nyanya Seline ameniambia kitu sasa hivi.

Ile mashine ya mtumbwi ya marehemu Babu, iliyokufa 1973? Nyanya ndiye aliiua!

Wakati huo alikuwa na mtoto mchanga, Rosa, ametoka tu kujifunza kusoma kwenye ngumbaru, na kuchanganya petroli na oili ilikuwa kazi yake. Kila asubuhi akawa anaongeza oili kifuniko kimoja, ili mashine isimkwamie mumewe katikati ya ziwa. Ikaanza kukohoa na kutoa moshi. Babu anafungua plagi, nyeusi tii, anapangusa, inakohoa tena.

Fundi akaja kutoka Kisumu. "Mzee, oili mnapima vizuri? Ikizidi inaharibu plagi."

Babu akacheka. "Hiyo anapima Mama Rosa. Amesoma huyo, hawezi kukosea!"

Waithira, Nyanya amesimama PALE, Rosa mgongoni, ameelewa kila kitu. Akanyamaza. Babu ameshasema hawezi kukosea, mbele ya watu wote!

"Basi kama oili ni sawa, tatizo ni injini yenyewe, imekwisha," fundi akasema.

Ikauzwa kama chuma chakavu. Babu akarudi kwa kasia mpaka mgongo ukapinda, mpaka tukamzika.

Sasa Nyanya ananiuliza, "Nikimkuta huko, nitaanzia wapi kumwambia?"

Nimemshika mkono tu.