Kila Rangi Mahali Pake

Lukachukai, 6 Machi 1981

Kwa dada yangu mpendwa Ilene,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini mko wazima huko Tuba City na goti lako limepata nafuu. Sisi hatujambo, kondoo wanazaa.

Barua yako imenichoma. Unauliza kwa nini nimeacha uchoraji Santa Fe nikaja kufundisha watoto kushika brashi, na unasema nimeishiwa. Sijaishiwa, dada. Nina hasira, na hasira yenyewe sijui niitue wapi.

Unakumbuka watu walivyomgeuka mjomba Hoskie. Picha kamili ya Watakatifu wetu, wale mababu waliowaomba uponyaji, ilitokea kwenye kalenda, bila jina la mchoraji, wakasema yeye, mwimbaji wa tiba, ameuza picha za mchanga, zile anazozichora chini na ambazo ni mwiko kuzibakiza, anazozifuta siku hiyo hiyo mgonjwa akishaimbiwa. Tangu hapo hakuna anayemwita kuimba. Hata wewe uliandika kwamba mzee ameingiwa na tamaa. Niliwatukana wote, nawe nikakununia mwaka mzima.

Jumanne mwanafunzi wangu Verna alileta kalenda ile darasani. Nilimfokea mbele ya wenzake. Nikamwambia kwamba sisi tukichora picha hizo kwenye turubai hubadilisha rangi au huacha kitu, zisiwe kamili, na aliyechora ile hana adabu. Hakutishika. Akasema, “Lakini mwalimu, vidole hivi vimechorwa vile vile unavyotufundisha wewe.”

Ndiyo, dada. Ni mimi. Mwenye duka la picha kule Santa Fe alitaka ile ya kweli, akanicheka eti mtu mzima naogopa mchanga. Nikapandwa na hasira, nikaweka kila rangi mahali pake kama mjomba alivyonionyesha. Kisha nikaficha jina langu, nikawaacha watu wamlaumu mjomba.

Jana nilikwenda kwake kukiri. Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Aliendelea kukatakata nyama, akasema, “Wangekufungia milango ungali kijana. Mimi nimeshaimba vya kutosha.”

Uongo. Hajaimba vya kutosha. Afadhali angenichapa.

Jumapili ya wiki ijayo kwenye mkutano wa kijiji nitasimama niseme. Wakinifukuza shuleni, wana haki. Njoo, dada, lakini usikae upande wangu. Kaa na mjomba.

Nisalimie shemeji na wanao wote.

Mdogo wako,
Elwood Manygoats